Tanga Wana Mita za Maji

Tangu Mamlaka ya Maji Tanga ilipouza hatifungani ya Sh bilioni 53.12 mwaka 2024, neno hatifungani limepanda chati. Kwa nini basi nasi tusikope kwa wananchi namna hiyo, tukapanua makumbusho ya Ujiji na kuyapa tawi huku juu Buha, nchi ya Waha, tuseme Kasulu au hata hapa Nyakitonto? Makumbusho hayo nayataka. Ndiyo maana hoja za mkopo huo siwezi kuziachia zipite.

Kwanza husemwa kwamba Tanga wameweza. Wameweza kwa sababu ya bili. Mwenye bomba analipa kila mwezi, asipolipa anakatiwa, na humo ndimo inamotoka riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, kwa miaka 10. Makumbusho yatamkatia nani nini? Tukikopa bilioni moja tu kwa riba hiyo hiyo, ni Sh milioni 135 kila mwaka, kabla hatujagusa deni lenyewe, mshahara wa mlinzi wala bati linalovuja. Kiingilio kikiwa Sh 2,000, tunahitaji watu 67,500 kwa mwaka. Hao ni kama 185 kila siku, masika na kiangazi, hata siku ambayo kijiji kizima kiko msibani.

Watakuja tu, utaambiwa, Livingstone ni jina kubwa. Ni kubwa kweli, na wageni hufika Ujiji kuona mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871. Lakini mtu wa Nyakitonto atalipa nauli mara ngapi kwenda kutazama Wazungu wawili wakisalimiana? Angependa zaidi kusikia ya siku chache kabla ya salamu hiyo: Stanley alipokuwa akikatiza Buha, watawala walimtoza hongo ya vitambaa, akitoka kwa huyu anadaiwa na yule, hadi akaona heri apenye porini usiku. (Hongo wakati ule ilikuwa ushuru wa mwenye nchi, si hiki kitu kidogo cha leo.)

Linaloniudhi zaidi linatoka upande wa pili: kwamba Buha hakuna cha kuweka makumbusho, hivyo hata kuzungumzia fedha ni kupoteza muda. Hakuna? Chumvi ya Uvinza imechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nchi ya Heru ilikuwa na mtawala wake, Mwami Theresa Ntare, mwanamke, akitawala wakati Tanganyika ikielekea uhuru. Muhambwe, ambayo vijana wanaijua kama jimbo la uchaguzi, ilikuwa nchi yenye mwami wake. Kambi ya Nyarugusu imepokea wakimbizi tangu 1996, na historia hiyo ni ya wenyeji pia, waliouziana nao mihogo na kugombania nao kuni.

Halafu kuna manamba. Wanaume wa Kasulu na Kibondo waliandikishwa kwa mamia kwenda kukata mkonge, na kuanzia 1944 kazi hiyo ya kuwasaka ilikuwa na ofisi yake, SILABU. Walikwenda wapi? Wengi Tanga, hiyo hiyo tunayotaka kuiga leo. Kadi moja ya kipande cha kazi, iliyokunjwa ndani ya sanduku la bati la babu, ingejaza ukumbi kwa maswali.

Wengine hutoa mfano wa Marekani, ambako miji hutoa hatifungani za namna hii. Hutoa, ila aghalabu wakazi huzipigia kura kwanza, wakijua kwamba kodi ya majengo yao ndiyo itakayolipa. Kwetu kodi hiyo hukatwa kwenye umeme wa LUKU kwa kiwango kilichopangwa kitaifa. Halmashauri haiwezi kuipandisha ili ilipe deni la makumbusho. Na anayesema tukikwama Serikali italipa, aseme basi tuombe bajeti tangu mwanzo, maana fedha ya bajeti haina riba ya asilimia 13.5.

Imebaki hoja moja yenye uzito: tukisubiri, vitu vitapotea. Ni kweli. Ila kinachopotea kwa kasi zaidi ni wazee, na kumrekodi mzee kwa simu hakuhitaji soko la hisa. Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho ya Wasukuma yalianza na padre mmoja, David Clement, pamoja na Wasukuma waliomwelewa. Walikuwa na ngoma, viti vya watemi na watu wa kuvieleza, bila kuuza hatifungani hata moja. Sisi tuanze na kabati la shule lenye kufuli, daftari la kuandika kila kitu na jina la aliyekileta, na mwalimu wa historia wa kushika ufunguo. Kabati likijaa tutajua jengo linalohitajika lina ukubwa gani, na hapo ndipo tuzungumze bei.