Mashini haina kosa: tuulize ni nani anashika saa



Wengi kati yetu hapa mjini tuna ndugu, dada ao rafiki aliyeenda Marekani kwa njia ya wakimbizi. Ukimuuliza anatumika wapi kule, jibu linalorudi mara nyingi ni fupi: "Niko mu depo." Yaani mu hangari kubwa ambamo vitu watu wananunua ku intaneti vinapangwa, vinachukuliwa na kufungwa mu makartoni. Halafu picha inafika ku WhatsApp: jile ya rangi ya machungwa, viatu vya kazi, tabasamu. Sisi tunajibu: "Umetoka, yaya!" Lakini ile sauti anatuma usiku, amelala chali juu mgongo unamuuma, hiyo hakuna anayeiweka ku status.

Leo tunaongea juu ya hiyo sauti ya usiku. Si kwa kulia tu. Tunataka kuelewa vile hiyo kazi imejengwa, juu vile imejengwa kule njo itatufikia hapa.

Tuchukue mfano wa Amazon. Njo sosiete kubwa zaidi mu biashara hiyo kule Marekani, na mambo yake yamepita mbele ya matribinali, mabunge na magazeti. Jeff Bezos aliianzisha mu 1994, ikianza na kuuza vitabu. Leo ina wafanyakazi zaidi ya milioni 1.5. Mu 2012 ilinunua Kiva Systems, sosiete iliyokuwa inatengeneza roboti za depo, kwa dola milioni 775. Mbele ya hapo, mfanyakazi alikuwa anatembea makilometa katikati ya rafu, akitafuta kitu kimoja kimoja. Sasa roboti fupi, pana kama kobe mkubwa, inaingia chini ya rafu, inaiinua na kuileta mpaka mbele ya mtu. Mtu anabaki amesimama pahali pamoja. Katikati ya mwaka 2025 Amazon ilitangaza kwamba imefikisha roboti milioni 1.

Ukisikia hivyo unasema: sawa, mzigo umetoka ku mabega. Na sisi tunaojua chukudu, tunaojua mama anayepanda mulima na gunia ya makala ku mgongo, hatuwezi kudharau mashini inayobeba. Asiyebeba asiseme kubeba ni vizuri.

Lakini angalieni kilichotokea. Kule kutembea katikati ya rafu kulikuwa pia kupumua kidogo. Rafu ikianza kujileta yenyewe, mtu hatembei tena: anainama, ananyoosha mkono, anaskani, anaweka. Anainama, ananyoosha mkono, anaskani, anaweka. Hajamaliza, rafu ingine iko inamungojea. Mu 2020 waandishi wa habari wa Reveal, kule California, walipata hesabu za Amazon yenyewe juu ya watu walioumia kazini. Kati ya 2016 na 2019, ku depo zenye roboti, kiwango cha watu walioumia vibaya kilikuwa juu kwa karibu asilimia 50 kuliko ku depo zisizo na roboti. Pahali mtu alikuwa anashika vitu karibu 100 kwa saa, roboti zilipofika kipimo kilienda mpaka 300 ao 400. Amazon ilikataa namna hesabu zake zilivyosomwa. Lakini mtu mwenye mabega anaelewa: mashini ilibeba rafu, halafu mkubwa akapandisha kipimo. Nguvu iliyookolewa haikurudi kwa mfanyakazi hata kidogo.

Na hicho kipimo, nani anakihesabu? Si shefu anayepita na daftari. Ni ile skana iko mu mkono wako.

Kule Ufaransa, CNIL, ofisi ya serikali inayolinda habari za watu, iliingia mu hiyo hesabu. Mwezi wa 12 mwaka 2023 ilitoza Amazon France Logistique faini ya euro milioni 32. Ilikuta kwamba mashini ilikuwa inaandika kila mara skana imekaa dakika 10 ao zaidi bila kazi. Ilikuwa pia inaandika vipande vidogo vya kati ya dakika 1 na 10. Na kulikuwa alama ingine kwa anayeenda haraka sana: ukiskani kitu chini ya sekunde moja na robo kiisha kuskani cha mbele, unaandikwa pia. Kwa hiyo ukichelewa ni kosa, ukiharakisha nayo ni kosa. Amazon ilisema haikubaliane na hiyo hukumu, kwamba hizo hesabu ni za kulinda usalama na ubora wa kazi.

Fikirieni soko letu. Mama akitaka kwenda haja, anamwambia jirani: "Unichungie meza." Jirani anachunga. Hakuna anayeandika dakika. Kule, kwenda haja kunaweza kuwa shimo mu hesabu, na hiyo shimo itakuuliza kesho ulikuwa wapi.

Msifikiri hii ni shida ya watu wa depo peke yao. Mu mwezi wa 8 mwaka 2015, gazeti la New York Times lilieleza maisha ya watu wa biro wa Amazon, wale wenye diplome kubwa: barua pepe za saa sita usiku, wenzao kuwashitaki kwa wakubwa kwa siri, wagonjwa kuhesabiwa kama wavivu. Bezos aliwaandikia wafanyakazi kwamba hiyo sosiete inayoelezwa yeye haitambue. Mu 2021 aliandikia wenye hisa kwamba anataka Amazon iwe mwajiri bora zaidi duniani na pahali pa usalama zaidi pa kutumika. Maneno mazuri. Lakini mu mwezi wa 12 mwaka 2024, komisyo ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Bernie Sanders ilitoa raporo: uchunguzi wa ndani wa Amazon yenyewe ulikuwa umeona kwamba mwendo wa haraka unaendana na kuumia, na mapendekezo ya kupunguza hatari yakakataliwa juu ya kuogopa kazi itapunguka. Amazon ilijibu kwamba raporo hiyo si ya kweli.

Bezos mwenyewe, siku aliporudi kutoka angani na roketi yake, mu mwezi wa 7 mwaka 2021, aliwashukuru wafanyakazi na wanunuzi wa Amazon kwamba wao njo walilipa hiyo safari. Siku ile alisema kweli.

Kuna watakaotuambia: "Nyinyi munalia juu ya nini? Kule wanalipwa vizuri." Kweli, tangu mwezi wa 11 mwaka 2018 Amazon inalipa Marekani si chini ya dola 15 kwa saa. Hatudharau hiyo pesa. Minervali za wengi wetu zimelipwa na depo za namna hiyo, na wanaotuma tunawaheshimu. Lakini mshahara haununui mgongo mpya. Na tukinyamaza juu ya maumivu yao kwa sababu pesa inatufikia, basi na sisi tumekuwa upande wa anayeshika saa.

Wengine watasema: "Roboti zitachukua kazi yote, mutafanya nini?" Hilo swali ni la kweli. Mu mwezi wa 10 mwaka 2025, New York Times iliandika juu ya karatasi za ndani za Amazon: kwa msaada wa roboti, wakubwa wanatumaini kuepuka kuajiri watu zaidi ya 600,000 mpaka 2033. Amazon ilisema karatasi hizo si picha nzima. Mwezi uleule ilitangaza kuondoa kazi 14,000 za biro. Sisi tunaona njia yenye hatua mbili. Kwanza mtu anafundishwa kutumika kama roboti: mwendo mmoja, sekunde zimehesabiwa, bila kuuliza. Kiisha, kazi yake ikisha kuwa ya roboti kabisa, roboti inaletwa pahali pake. Mfanyakazi hajapoteza kazi siku mashini inafika. Alianza kuipoteza siku alipokatazwa kusema neno juu ya mwendo wake.

Njo maana tunasema mashini haina kosa. Swali ni nani anaweka kipimo, nani anakiona, na nani anaweza kusema hapana.

Na wako waliosema hapana. Kule Staten Island, New York, Chris Smalls alikuwa mfanyakazi wa depo. Tarehe 30 mwezi wa 3 mwaka 2020, mu wakati wa korona, aliongoza wenzake kutoka inje kudai usalama. Alifukuzwa siku ileile. Amazon ilisema alivunja sheria ya karantini. Yeye na wenzake hawakuwa na sendika kubwa nyuma yao. Walisimama ku kituo cha bisi pahali wafanyakazi wanapita, wakagawa chakula, wakasikiliza watu mmoja mmoja. Tarehe 1 mwezi wa 4 mwaka 2022 kura zilihesabiwa: 2,654 walitaka sendika, 2,131 walikataa. Ilikuwa depo ya kwanza ya Amazon mu Marekani kushinda.

Tusidanganyane: kushinda kura si kumaliza kazi. Miaka ilipita na Amazon haijakubali kuikaa ku meza na hiyo sendika kwa kuandika mkataba. Mu mwezi wa 6 mwaka 2024 ilibidi wajiunge na sendika kubwa ya Teamsters. Na kule Laval, Québec, wafanyakazi walipata sendika mu mwezi wa 5 mwaka 2024. Mu mwezi wa kwanza mwaka 2025 Amazon ilitangaza kufunga depo zake zote 7 za Québec, na watu karibu 1,700 wa kazi ya kudumu wakapoteza kazi. Amazon ilisema haiko juu ya sendika. Kila mtu ajipimie mwenyewe.

Lakini sheria nayo inaweza kushika saa. Mu mwezi wa 4 mwaka 2020, sendika moja ya Ufaransa ilienda ku tribinali ya Nanterre juu ya usalama wakati wa korona. Tribinali ikaamuru Amazon ipunguze kazi mpaka ichunguze hatari pamoja na wajumbe wa wafanyakazi. Amazon ilifunga depo zake za Ufaransa zaidi ya mwezi moja. California nayo, tangu 2022, ina sheria: depo kubwa lazima imwambie mfanyakazi kwa maandishi kipimo chake ni ngapi, na kipimo hakiwezi kumzuia kwenda haja ao kupumzika. Mu 2024 serikali ya California iliitoza Amazon faini ya dola milioni 5.9 juu ya depo mbili. Faini ni ndogo kwa tajiri kama huyo. Lakini neno limeandikwa: kipimo si siri ya patroni.

Sasa hapa kwetu. Kuna atakayesema: "Amazon haina depo Kongo, muache." Lakini zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu udongo wetu, na betri nyingi za simu na mashini zinaihitaji. Na mashini zenyewe zimeisha fika: ku mgodi wa zaabu wa Kibali, Haut-Uélé, kuna magari yanayobeba mawe chini ya udongo bila dereva ndani, anayeyachunga amekaa juu, mbele ya ekra. Kesho itakuwa depo, itakuwa wamotari wanaopangiwa kosi na simu. Siku hiyo tusianze kuuliza maswali tulipashwa kuuliza leo.

Kodi yetu ya kazi inasema saa 45 kwa juma. Hiyo sheria inahesabu masaa. Mashini zinahesabu sekunde. Tangu 2023 nchi ina pia Kodi ya numeriki. Kwa hiyo tunadai:

Kwanza, kila kompanyi inayotumia mashini kuhesabu kazi ya mtu imuonyeshe kipimo chake kwa maandishi, mbele ya kutia sahihi ku mkataba.

Pili, mfanyakazi awe na haki ya kuona kila kitu mashini imeandika juu yake, na asifukuzwe mtu kwa hesabu ya kompyuta bila kusikilizwa na mtu.

Tatu, hesabu za wanaoumia kazini zitangazwe kila mwaka, kompanyi kwa kompanyi. Na wakaguzi wa kazi wapewe njia za kufika ku kazi. Wasingojee kuitwa ku hoteli.

Ine, mashini ikiongeza mazao, sehemu ya faida irudi kwa mfanyakazi: mu mshahara, ao mu masaa ya kupumua.

Na nyinyi vijana, tunawaomba kitu kimoja kidogo. Leo usiku mupigie simu ndugu yako wa depo. Usianze na "Nitumie." Anza na "Mgongo unaendelea namna gani?" Kisha muulize kipimo chake ni ngapi kwa saa, nani alikiweka, na kama yeye na wenzake wamekwisha kuongea. Halafu umusikilize mpaka mwisho.

Tusiabudu kazi inayovunja watu. Tusiogope mashini. Saa ya kazi ishikwe na mikono mingi.