Kabla kibaraza hakijawa chumba cha mtoto

Familia ikiongezeka, wazazi huanza kuitazama nyumba kwa jicho jingine. Kwa Waswahili walioko Marekani wanaoishi kwenye nyumba kuukuu za mbao, jicho hilo hutua haraka kwenye kibaraza kilichozibwa kwa madirisha. Baba husema chumba kipo tayari: ni kufunga jipsamu juu ya ukuta wa zamani, wikiendi mbili tu, mtoto analala.

Hesabu si mbaya. Ila ukuta huo ulikuwa wa nje. Kibaraza kilipozibwa, ukajikuta ndani na mbao zake zilezile na rangi iliyopakwa mara juu ya mara. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi majumbani mwaka 1978. Nyumba iliyojengwa kabla ya hapo ni vyema ihesabiwe kuwa na rangi hiyo mpaka ipimwe. Vumbi lake hutua sakafuni, mtoto anayetambaa hulizoa kwa kiganja, na kiganja huishia mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo unaokua, na mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa. Kwa mjamzito, risasi humfikia hata aliye tumboni.

Jipsamu yenyewe haina kosa. Kuifunika rangi hiyo kwa ubao mgumu na kuziba kingo zote ni njia inayokubalika. Madhara huletwa na maandalizi: baba mwenye bidii anataka ukuta uwe laini kwanza, anakwangua, anapiga msasa wa mashine. Bidii hiyo, ambayo kwingine ingesifiwa, ndiyo inayojaza nyumba vumbi.

Kwa hiyo ukuta usisuguliwe. Watoto na mama mjamzito wakae kwingine siku za kazi, mlango wa kuingia ndani uzibwe kwa nailoni, na sakafu itandikwe nailoni pia. Panapotobolewa palowekwe maji kidogo. Usafi ni wa kitambaa kibichi, si ufagio, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Akiajiriwa fundi, sheria inamtaka awe na cheti cha kazi hiyo kwa nyumba za kabla ya 1978. Aombwe akionyeshe.

Skrubu nazo zina mambo yake. Ya inchi moja na robo hutosha jipsamu inapokaa moja kwa moja kwenye nguzo za ukuta. Hapa itang'ata mbao kuukuu tu, zilizokwisha kupinda na kulegea. Inahitajika ya inchi 2 au zaidi, ifike kwenye nguzo, ambazo kwa kawaida zimepishana inchi 16. Ubao uinuliwe nusu inchi kutoka sakafuni. Doa la maji likionekana, paa lizibwe kwanza, kwani karatasi ya jipsamu ikilowa huota ukungu, na mwenye pumu ataujua kabla ya wengine.

Yanabaki madirisha. Jipsamu haiyafuniki, na kila yanapopandishwa na kushushwa, rangi kuukuu husagika kwenye kingo. Hayo nayo yapimwe, na mtoto apimwe damu kliniki, kitanda kikiwa bado chumbani kwa wazazi.