Twendeni Merigi Tukaijue Chai Tunywayo

Ziko nchi ambazo watu wake, ikifika Jumamosi, hufunga safari kwenda mashambani kuzuru viwanda vidogo vya mvinyo. Huko Ufaransa, na hata Afrika Kusini, mgeni hupitishwa baina ya mizabibu, akaonyeshwa mapipa, akaonjeshwa, na jioni akarudi kwake na chupa mbili tatu. Sisi Waislamu wa pwani hilo halituhusu. Kileo tumekatazwa na wala hatuna haja nacho. Lakini ada yenyewe, ya mtu kukiendea kinywaji chake mpaka kilikoota na kumpa mkono aliyekilima, sioni kwa nini tuwaachie wao peke yao. Kinywaji chetu ni chai, na chai nayo ina kwao.

Kwao ni mahali kama Merigi, katika Bomet, ambako nilikaa siku mbili kwa mkulima mmoja mdogo. Kutoka Mombasa ni garimoshi mpaka Nairobi, kisha barabara ya Narok mpaka Bomet. Aliyezoea joto la Kongowea asisahau sweta, kwani alfajiri huko maji ya kutawadha yanauma vidole.

Asubuhi nilipewa kapu. Huchumwa majani mawili na chipukizi lake, basi. Jani lililokomaa likiingia huiharibu chai. Vidole vya mwenyeji wangu vilikwenda kama vya fundi wa kofia za vito. Mimi, saa nzima, sikufunika hata kitako cha kapu. Majani hupelekwa kituoni yakapimwa, na lori likayafikisha kiwandani siku ile ile. Huko hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa hewani mpaka yageuke rangi ya shaba, kisha hukaushwa na kuchekechwa. Kilo moja ya chai kavu hula kilo 4 hadi 5 za majani mabichi.

Tuliporudi nyumbani mama wa nyumba alituandikia chai. Nikaitazama pakiti: ilikuwa ya dukani, ile ile ninayonunua Mombasa. Nikamwuliza mzee kama amewahi kuonja chai iliyotoka katika majani yake. Akacheka, akasema yeye kazi yake ni kuchuma.

Hapo nilikumbuka msemo wetu kwamba mchumia juani hulia kivulini. Mzee huyu amechumia juani na mvuani pia, na anayelia kivulini ni mwingine kabisa.

Wala wasomaji wasidhani kuwa kivuli hicho kiko mbali. Mnada wa chai, ulioanza Nairobi mwaka 1956, ulihamia Mombasa mwaka 1969, na tangu ule wa London ufungwe mwaka 1998, huu wetu ni miongoni mwa minada mikubwa kabisa duniani. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za chai ya Kenya huuzwa nje, na mnunuzi mkubwa kwa miaka mingi ni Pakistan. Basi chai ya Merigi hupita mlangoni petu, tukainusa katika maghala ya Shimanzi, nasi hatujui imechumwa na nani wala kalipwa nini.

Mpaka miaka ya 1950 Mwafrika hakuruhusiwa kupanda zao hili. Lilikuwa la makampuni na walowezi, katika ardhi ambayo sehemu yake Wakipsigis walinyang'anywa. Mamlaka ya kustawisha chai ya wakulima wadogo iliundwa mwaka 1964, na leo wakulima hao hutoa zaidi ya nusu ya chai yote ya nchi. Hulipwa kidogo kila mwezi, na lililobaki husubiri bonasi ya mwaka. Mwaka 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo ili kuwalinda. Chai nyingi ikakosa mnunuzi, ikalala maghalani Mombasa, na mwaka 2024 bei hiyo ikaondolewa. Wakulima wa Bomet na Kericho wamekuwa wakilalamika kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya. Sisi ambao dini yetu inasisitiza ujira wa mtu ulipwe kwa haki na bila kucheleweshwa, hatuwezi kuyasikia hayo tukageukia mahamri yetu.

Rai yangu ni hii. Viwanda vya wakulima vifungue milango siku za Jumamosi, vimwonjeshe mgeni chai ya daraja mbalimbali, hata ile ya zambarau iliyotolewa kwa wakulima na watafiti wa Kericho mwaka 2011, na vimwuzie pakiti yenye jina la mahali ilikotoka. Nasi tuitikie mwito. Jamaa wanaokwenda matembezi kila likizo wasikose siku mbili za kwenda huko.

Wako watakaosema chai ni chai, na sisi huichemsha kwa maziwa, sukari, iliki na tangawizi hata ladha ya jani isijulikane. Ni kweli, na mimi ni mmoja wao. Lakini mzee wa barazani anayeijua kahawa nzuri kwa harufu tu hashindwi kujifunza jani la chai. Na mnywaji anayeijua chai njema huiuliza dukani kwa jina, na kitu kinachoulizwa kwa jina hakiuzwi kwa bei ya kutupa.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wa Merigi wapo, na mursik wameihifadhi kibuyuni. Wageni ndio hatujafika.