Plagi bandia zinatukwamisha milimani



Natoa maoni yangu juu ya kitu kidogo ambacho wengi tunakidharau, yaani plagi za gari.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga. Nafundisha Sayansi. Najua wapo watakaosema mwalimu ashike chaki na fundi ashike spana. Lakini gari ninalolisemea si langu. Ni pikapu ya chama chetu cha ushirika, Toyota Hilux ya petroli yenye injini ya 22R, na ndiyo hiyo hiyo inayobeba kahawa, mbolea, saruji ya madarasa na wagonjwa. Ikikwama, kijiji kizima kimekwama.

Mwezi Februari ilikwama ikiwa imembeba mama mwenye uchungu wa kujifungua. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri, ila ilipoanza kupanda ikakohoa, ikatetemeka, ikazima. Vijana walikata miti, wakafunga machela kwa kanga, na mama yule akabebwa muda wa saa mbili kwenye matope. Alijifungua salama. Lakini plagi zile zilikuwa zimenunuliwa mjini kama mpya wiki tatu tu kabla, tena zikiwa ndani ya maboksi yake. Tulipozifungua na dereva tukakuta kaure ya moja ina ufa, na maandishi ya nyingine mbili yakafutika kwa kitambaa chenye petroli kama chaki ubaoni.

Watu wengi pale walisema ni bahati mbaya kwamba gari lilizimia mlimani badala ya tambarare. Hapana, ndugu zangu, hiyo si bahati. Gari likiwa na mzigo na linapanda, dereva hukanyaga mafuta, na mchanganyiko wa petroli na hewa hushindiliwa ndani ya silinda kwa nguvu zaidi. Kadiri unavyoshindiliwa ndivyo umeme unavyohitaji nguvu zaidi ili uruke kutoka ncha moja ya plagi hadi ya pili. Plagi yenye ufa huupitisha umeme pembeni, na cheche haitoki. Kwa hiyo plagi mbovu inaweza kukudanganya mwezi mzima barabara ikiwa tambarare, halafu ikakusaliti siku ile ile uliyojaza watu na njia imesimama.

Sasa nije kwa wauza vipuri. Ukifika dukani ukasema, "Nipe plagi za Hilux," muuzaji anageuka na kukuletea nne. Hakuulizi injini gani, wala hakuulizi namba. Hilux zimetoka kiwandani na injini nyingi mbalimbali, na zile za dizeli hazina kabisa plagi za cheche. Plagi ina jina lake, na jina hilo husomeka kama anwani. Kwa injini ya 22R yafaa plagi ya NGK yenye namba BPR5EY. Herufi B yaeleza kipenyo cha meno, milimita 14. P ni kwamba pua ya kaure imejitokeza nje. R ni kwamba ndani mna kizuizi cha kupunguza mikwaruzo ya redio. E ni urefu wa meno, milimita 19. Na hiyo 5 ndiyo inayowapiga watu chenga, maana yaeleza jinsi plagi inavyotoa joto.

Kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, yaani inalipeleka joto nje upesi. Kwa Bosch ni kinyume, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Muuzaji asiyejua hili akakwambia "namba kubwa ndiyo imara" anakutia hasarani kwa bei yako mwenyewe. Plagi hutakiwa ifikie joto la nyuzi 450 hivi ili iunguze masizi yanayoigandia, lakini ikivuka 850 hivi huanza kuwasha mafuta kabla ya wakati wake, na pistoni inaweza kutoboka. Gari letu la kijijini huenda mwendo mfupi na wa polepole, mara nyingi choki imevutwa asubuhi za baridi. Ukilitilia plagi ya baridi mno, masizi yataiziba.

Nimeona pia mchezo mwingine wa hatari. Vijana wa kupasua mbao wana plagi za chenso, na siku pikapu ikikosa plagi wao huwa wepesi kusaidia. Nyingine, kama BPMR7A, zina meno ya milimita 14 vile vile, hivyo zinaingia. Lakini urefu wake ni milimita 9.5 tu, nusu ya ile inayotakiwa. Cheche inabaki imejificha juu ndani ya tundu, na meno yaliyobaki wazi chini yanajaa masizi magumu. Siku ukileta plagi halali, inakataa kuteremka, na ukiilazimisha kwa spana unaharibu silinda hedi. Wema wa jirani hapo unageuka kuwa gharama ya injini.

Juu ya kubadili zenyewe sitasema mengi, mafundi wanajua. Ila injini iachwe ipoe, vumbi lipulizwe kwanza kwa pampu ya baiskeli lisidondokee ndani, waya zitolewe moja moja zisichanganyike, na plagi ianze kuingizwa kwa vidole. Ikikaa, plagi mpya yenye wosha hukazwa nusu mzunguko au zaidi kidogo basi, si kwa kuning'inia kwenye spana. Mwanya wa 22R ni milimita 0.8. Kijijini hatuna kipimo, na fundi wetu hutumia kipande cha msumeno wa chuma ambacho ni chembamba kuliko hapo. Darasani kwangu tulitumia nyembe. Wembe wa kawaida wa pande mbili una unene wa milimita 0.1, kwa hiyo nyembe nane zikibanwa pamoja ndizo kipimo. Watoto wa darasa la sita walielewa desimali siku hiyo kuliko wiki nzima ya ubao. (Makali tuliyafunika kwa gundi ya karatasi, wazazi msiwe na wasiwasi.)

Wazee wanatusimulia kwamba katika miaka ya 1980 taabu ilikuwa kukosa vipuri. Mwaka 1983 Serikali ilipoanza msako wa wahujumu uchumi, watu walificha bidhaa mashimoni. Leo maduka yamejaa hadi barazani, na mhujumu hafichi kitu. Anakuuzia mchana kweupe, anakupa na boksi. Wengine huokota plagi zilizotupwa, wakazipuliza mchanga zikang'aa, wakaziuza tena. Mlanguzi wa zamani alitunyima plagi. Huyu wa leo anatuuzia ajali.

Najua tunalo Shirika la Viwango, TBS, na tunayo Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kazi yake mojawapo ni kupambana na bidhaa bandia. Tunasikia misako yao mijini. Naomba wateremke hadi kwenye minada na maduka ya wilayani, kwa sababu bidhaa inayofukuzwa mjini haichomwi yote, nyingine hupanda basi kuja kwetu. Jambo hili linawezekana. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili kuwabana wanaochanganya petroli na mafuta ya taa, na mkaguzi akifika kituoni anajua ukweli papo hapo. Kwa vipuri, hatua ya kwanza ni rahisi kuliko hiyo. Kila muuzaji alazimike kuandika kwenye risiti namba kamili ya plagi aliyouza. Asiandike "plagi 4" basi. Risiti ya namna hiyo ndiyo itakayomfikisha mbele ya sheria.

Nasi wanavijiji tusikae kungoja wakaguzi. Kamati nyingi za ushirika humkabidhi dereva fedha kidogo na kumwambia ajitahidi, kisha humlaumu yeye gari likikwama. Hiyo ni kumwonea. Kamati yetu sasa imeandika BPR5EY, mwanya 0.8, kwenye kadi iliyobandikwa ndani ya mlango wa gari, na plagi nne za akiba zimo chini ya kiti, zimefungwa kwenye nailoni. Dereva amekatazwa kupokea plagi ambayo wosha yake inachomoka ovyo, au ncha zake zimekaa upande, au maandishi yake yanafutika. Mwezi uliopita alirudi mikono mitupu kutoka maduka matatu. Kamati ilimlipa posho yake yote.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbinga, Ruvuma.