Mbona kifurushi hakifiki mlangoni?

MUULIZE mkazi wa Kayole anwani ya nyumba yake, naye hatakutajia barabara wala namba. Atakwambia ushukie Masimba, uvuke upande wa pili, upite kinyozi na muuza mahamri, uingie ploti yenye geti la kijani, kisha umpigie simu. Mgeni mwenye mdomo atafika, kwani kuuliza si ujinga. Kifurushi nacho hakina mdomo. Hakiwezi kumsimamisha kinyozi na kumuuliza Mama Kevo anaishi wapi. Ndiyo sababu mizigo yetu husafiri salama salimini kutoka Kisumu, Mombasa, hata Manchester, halafu ikakwama kilomita chache kabla ya kumfikia mwenyewe.

Wengi wetu tumezoea kuilaumu Posta, na kwa kweli lawama nyingine zinaistahili. Lakini hebu tulitazame jambo hili kwa makini, maana mzizi wake ni mrefu kuliko foleni ya kaunta.

Nchini Uingereza tarishi huzunguka mtaani na kutia barua katika tundu la mlango. Waingereza hao hao walipotuletea posta, utaratibu huo hawakutuletea. Hapa tulipewa sanduku. Barua huletwa hadi sandukuni na mwenyewe huifuata huko kwa miguu au kwa matatu. Hadi leo anwani ya Mkenya ni S.L.P. fulani, pamoja na msimbo wa posta kama 00515 kwa Buruburu au 00610 kwa Eastleigh. Msimbo huo hutaja ofisi ya posta, wala hausemi lolote kuhusu nyumba unamolala.

Sasa jiulize, msomaji, sanduku lilikuwa la nani? Lilikuwa la mwajiri, la shule, la kanisa au la mwenye duka. Mfanyakazi wa reli aliyeishi Makongeni angeweza kupokea barua kupitia kazini. Kijana asiye na kazi alitumia sanduku la mjomba, na ufunguo ulikaa na mjomba. Mjomba akisafiri, barua ilisubiri. Wako watu wazima katika mitaa ya Eastlands ambao barua ya kuitwa kwa mahojiano iliwafikia siku ya mahojiano imepita, au barua ya kujiunga na shule ya upili ikafika muhula umeanza. Hakuna aliyeiba barua hizo. Zilikuwa zimelala kwa usalama ndani ya sanduku la mtu mwingine.

Posta yenyewe imepitia misukosuko. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Kenya iliunda shirika lake la posta na simu. Mwaka 1999 shirika hilo likagawanywa, simu zikaenda zake na Posta ikabaki na barua, bila yule ndugu wa simu aliyekuwa akileta pesa nyumbani. Mwaka 2007 M-Pesa ilipoanza, moni oda iliyokuwa ikipelekea wazazi pesa kijijini ikaanza kusahaulika. Ujumbe mfupi wa simu ulimaliza barua za salamu. Hata barua ya kidato cha kwanza ilikuja kuchapishwa kutoka kwenye intaneti pale saiba.

Kitu kimoja ambacho simu haiwezi kukimeza ni mzigo wenyewe. Viatu, miwani ya bibi, vitabu, vyeti halisi vya shule: hivi ni lazima visafiri. Na hapo ndipo kidonda kinapotoneshwa.

Chukua mathalan kifurushi kilichotumwa na binti aliyeko ng'ambo. Kinasafiri kwa mkataba wa kimataifa, maana yapo makubaliano ya Muungano wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874, yanayolazimu posta za nchi wanachama kupokea na kupitishiana mizigo. Kikishafika Nairobi hukaguliwa na watu wa forodha, kisha kikaratasi cha taarifa hutumwa sandukuni. Ikiwa ada ya sanduku haijalipwa, au sanduku ni la kanisa ambalo mama alihama miaka mitano iliyopita, kikaratasi hicho kitamfikia nani? Akibahatika kukipata, itambidi afunge safari na kitambulisho chake, asimamie mzigo ukifunguliwa, na alipe kodi na ada zinazodaiwa, ikiwemo VAT ya asilimia 16 kwa bidhaa zinazotozwa.

Mwenye gari atasema hiyo ni safari ya saa moja. Kwa mtu wa kibarua katika Industrial Area, ni siku nzima. Ofisi hufunguliwa wakati yeye yuko kazini na hufungwa kabla hajatoka. Asipofanya kazi leo, hana mshahara wa leo. Jumlisha nauli ya kwenda na kurudi, na pengine ya kurudi tena kesho kwa sababu jina la kifurushini ni "Mama Kevo" na la kitambulisho ni jingine kabisa. Zawadi hiyo itakuwa imemgharimu mpokeaji kuliko mtumaji.

Si ajabu basi kwamba kina yakhe wamejitafutia njia. Mzigo hutiwa kwenye basi au matatu ya sako, mtumaji akaandika namba ya gari na kumtumia mwenziwe kwa simu. Nenda Nyamakima, River Road au Accra Road asubuhi yoyote utaona magunia, maboksi na ndoo zilizoandikwa majina kwa wino mzito. Kutoka hapo, kijana wa boda boda huchukua mzigo hadi Umoja au Dandora. Yeye humpigia mpokeaji simu, akaelekezwa kwa kinyozi na kwa muuza mahamri, akafika. Kwa maneno mengine, boda boda amekuwa ule mdomo ambao kifurushi hakina.

Njia hii ni ya haraka, lakini haina mwenyewe siku ya msiba. Mama mmoja ninayemfahamu, mkazi wa Kayole, huuza nguo kwa simu. Mwaka jana alimtumia mteja wa bara magauni matatu kupitia kampuni moja ya mabasi ambayo jina lake nalihifadhi. Magauni hayakufika. Aliambiwa aje kesho, kisha keshokutwa, kisha aongee na meneja ambaye hayupo. Mwishoni alionyeshwa nyuma ya risiti, kwenye herufi ndogo kama chawa, kwamba kampuni haitawajibikia mzigo ambao thamani yake haikutangazwa. Alimrudishia mteja pesa zake ili asipoteze jina, na biashara ikalala mwezi mzima kwa kukosa mtaji. Rahisi imekuwa ghali, kama walivyosema wahenga.

Ndiyo maana siungi mkono wanaosema Posta ifungwe tusahau. Barua ya rejista ina namba, ina sahihi ya kila aliyeipokea, na ina pa kuulizwa. Kadhalika Posta ina ofisi katika miji midogo ambako kampuni ya kutafuta faida haitakanyaga. Magazeti yameripoti mara kwa mara kuhusu wafanyakazi wake waliocheleweshewa mishahara. Mtu anayekaa kaunta bila mshahara ni vigumu kumdai tabasamu. Mwaka 2016 ilizinduliwa pia huduma ya Mpost, inayofanya namba ya simu ya mkononi kuwa anwani, ili mwenye barua apate ujumbe barua inapofika. Kwa mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akiazima sanduku la mjomba, hilo si jambo dogo. Amepata anwani iliyo yake mwenyewe.

Hata hivyo, ujumbe wa simu hukwambia mzigo umefika ofisini. Mlango wako bado hauna jina.

La kusikitisha ni kwamba namba zenyewe zipo. Katika mitaa ya zamani kama Kaloleni, na vilevile Buruburu, nyumba zilihesabiwa. Mradi wa Dandora, ulioanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulikuwa na ploti zipatazo 6,000, na kila moja ilipimwa na kuwekewa namba kwenye ramani. Halmashauri ya jiji wakati huo, na kaunti baada yake, zimezitumia namba za ploti kudai kodi ya ardhi. Inapofika wakati wa kudai, ploti yako inajulikana vizuri sana. Inapofika wakati wa kukuletea kitu, haijulikani. Ghorofa zimepanda, wapangaji wakajaa, na getini hakuna aliyeandika hata tarakimu moja.

Hapa mambo yanavuka viatu na magauni. Namba inayokosekana kifurushi kinapokuja ndiyo inayokosekana ambulensi inapokuja. Mama ashikwe na uchungu saa nane za usiku, kinyozi amefunga na muuza mahamri amelala, dereva atauliza nani? Gari la zimamoto nalo litasimama steji huku moshi ukionekana ng'ambo ya paa na njia ya kuufikia haijulikani. Wakati huo hakuna anayekwambia uje kesho na kitambulisho.

Tufanye nini basi? Mtumaji na aandike jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho, pamoja na namba ya simu inayofanya kazi. Mwenye kutumia sanduku la kuazima aulize leo kama ada yake imelipwa. Anayetuma kwa basi atangaze thamani ya mzigo, asome nyuma ya risiti kabla ya kulipa, na aupige picha mzigo kabla haujapakiwa. Kaunti nayo ina wajibu wa kuzipa barabara za mitaani majina na kubandika vibao, na mwakilishi wa wadi akija kuomba kura aulizwe hilo kwanza.

Na wenye ploti wasingoje kibao cha kaunti. Namba imo kwenye hati zao. Kopo dogo la rangi nyeupe na brashi moja vinatosha geti zima. Waiandike kubwa, isomeke hata kwa taa za gari usiku.

Tukutane Jumapili ijayo.