Ramani za Mitaa Zisiachiwe Wahisani

Mvua kubwa zinaponyesha jijini Dar es Salaam, mtendaji wa mtaa ulio kando ya Mto Msimbazi hukabiliwa na maswali yanayotaka majibu ya papo hapo. Maji yatafika nyumba zipi? Mfereji upi umeziba? Njia ipi inapitika kwa gari la wagonjwa, na ni shule gani iliyo mwinukoni inayoweza kuwapokea waliokimbia makazi yao? Mtumishi mwenye ramani sahihi ya mtaa wake anaweza kuyajibu maswali hayo kabla giza halijaingia. Asiyekuwa nayo hulazimika kuulizauliza huku maji yakiwa magotini.

Ni jambo la kutia moyo kwamba sehemu kubwa ya majibu hayo ilikwisha kukusanywa. Mashirika yasiyo ya kibiashara, yakishirikiana na wanafunzi na wakazi, yalitumia simu za mkononi, picha za setilaiti na mtandao wa intaneti kuichora mitaa mingi ya jiji hilo, nyumba kwa nyumba na mfereji kwa mfereji. Kazi hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, ramani ni kama shamba: lisipopaliliwa, msitu hulirudia. Kwa hiyo, kila mtumishi wa umma na kila mwalimu hana budi kujiuliza ni nani atakayeipalilia baada ya mradi kumalizika na wahisani kufunga mizigo yao.

Chimbuko la kazi hiyo ni ramani huru iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa nchini Uingereza mwaka 2004, wakati taarifa za ramani za idara ya serikali ya nchi hiyo zilipokuwa zikiuzwa kwa bei ghali. Waanzilishi wake walikusudia kuwa na ramani ambayo mtu yeyote aweza kuitumia bila malipo, na ambayo mtu yeyote aweza kuiongezea barabara, kisima au zahanati anayoifahamu. Wengi waliona kuwa huo ni mchezo wa wapenda kompyuta. Fikra hizo zilibadilika Januari 12, mwaka 2010, tetemeko la ardhi lilipoubomoa mji wa Port-au-Prince, Haiti. Waokoaji waliofika huko hawakuwa na ramani ya kutosha. Makampuni ya setilaiti yalitoa picha zao, na mamia ya watu wa kujitolea, waliokuwa katika nchi mbalimbali, wakachora barabara na kambi za waathirika katika muda wa siku chache. Waokoaji waliitumia ramani hiyo kazini.

Afrika Mashariki haikuwa nyuma. Mwaka 2009, huko Kibera, Nairobi, vijana wa eneo hilo walipewa vifaa vya kupokea mawimbi ya setilaiti, wakatembea kwa miguu vichochoroni wakiandika mahali palipo maji, vyoo, shule na zahanati. Kabla ya hapo, katika ramani nyingi Kibera ilionekana kama pahali patupu, ijapokuwa umati wa watu uliishi humo. Mwaka 2011 kazi ya namna hiyo ilifanyika Tandale, jijini Dar es Salaam, ikiwahusisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wenyewe.

Desemba ya mwaka huo huo jiji likapata mvua ambazo hazikuwahi kuonekana tangu mwaka 1954. Makumi ya watu walipoteza maisha, na maelfu wakaachwa bila makazi. Baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande. Msiba huo ulionyesha wazi gharama ya kutoijua ardhi ambayo watu wanaishi juu yake. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambao uliwakutanisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakazi wa mitaa, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chama cha Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na shirika la kimataifa la wachoraji ramani wa kujitolea.

Yafaa ieleweke jinsi kazi hiyo ilivyofanyika, kwani humo ndimo lilimo funzo. Picha za angani, nyingine zilizopigwa na ndege ndogo zisizo na rubani, zilionyesha mapaa ya nyumba. Lakini paa halisemi kama chini yake kuna duka, madrasa au zahanati. Paa halisemi maji ya mwaka 2011 yalifika dirishani au kizingitini. Hayo waliyajua wazee wa mtaa, wajumbe wa mashina na akina mama wenye vibanda vya biashara. Wanafunzi walitembea nao, wakaonyeshwa mifereji iliyoziba na njia za maji zilizojengewa, wakayaingiza yote hayo katika simu. Kwa ufupi, teknolojia ilitoka kwa wahisani, lakini maarifa yalitoka kwa wananchi.

Faida za ramani ya namna hiyo haziishii katika mafuriko. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam na baadaye kikaenea katika mikoa mingine. Bwana afya anayepambana na ugonjwa huo huhitaji kujua mgonjwa ametoka nyumba gani, anachota maji kisima kipi, na choo kiko umbali gani kutoka kisimani. Elimu hiyo si ngeni. Mwaka 1854 daktari John Snow aliweka alama za vifo katika ramani ya mtaa mmoja wa London, akaonyesha kuwa vingi vilikizunguka kisima kimoja cha pampu. Kilichobadilika ni kwamba ramani ambayo zamani ilihitaji wataalamu na miezi kadhaa sasa yaweza kuchorwa na kijana wa kidato cha nne mwenye simu, akishapata mafunzo.

Pamoja na sifa hizo, zipo kasoro ambazo si vema zikafumbiwa macho. Mradi wa shirika huwa na mwanzo na mwisho. Fedha zinapokwisha, vijana waliofunzwa hutafuta kazi kwingine. Lakini mtaa hausimami: nyumba hujengwa, kivuko husombwa, kisima hukauka, zahanati huhamishwa. Idadi ya watu wa Mkoa wa Dar es Salaam ilikuwa 4,364,541 katika sensa ya mwaka 2012, ikafikia 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022. Ongezeko la watu milioni moja katika miaka kumi ni ongezeko la nyumba, vichochoro na mifereji. Ramani ya mwaka 2015 isiyorekebishwa yaweza kumpeleka muokoaji mahali ambapo njia imekwisha kufungwa.

Aidha, mashirika mengine hupima mafanikio kwa hesabu ya majengo yaliyochorwa, na taarifa zake huandikwa kwa lugha na mtindo wa kumridhisha mfadhili. Haisaidii kitu ramani kusifiwa katika mikutano ya ng'ambo ikiwa mtendaji wa mtaa husika hajapata kuiona. Shirika linalotaka kweli kuwasaidia wananchi halina budi kuacha nakala iliyochapishwa katika ofisi ya mtaa, kuacha watumishi waliofunzwa kuirekebisha, na kuandika maelezo yake kwa Kiswahili.

Lipo pia suala la imani ya wananchi. Mkazi wa bondeni anapoona vijana wakipima nyumba yake, hujiuliza kama wanapima ili mfereji uchimbwe au ili nyumba ivunjwe. Hofu hiyo ina msingi. Wakazi wa bonde la Msimbazi hawajasahau alama nyekundu za X na ubomoaji ulioanza Desemba 2015. Ni kweli kwamba watu hawapaswi kuachwa waishi katika njia ya maji. Lakini ni kweli vilevile kwamba mwananchi akishaamini kuwa kila swali analoulizwa litageuzwa dhidi yake, hatasema ukweli tena, na ramani itakayotokana na majibu yake itakuwa ya uongo. Kwa sababu hiyo, wanaochora hawana budi kueleza mapema kazi ni ya nini, nani ataiona, na wananchi watapata faida gani. Baada ya hapo ahadi itimizwe.

Hali kadhalika, taarifa za watu zilindwe. Kujua kisima kiko wapi ni jambo la umma, ila kujua ni nani mgonjwa katika nyumba fulani ni siri. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kuwa wadukuzi wameingia katika kompyuta zilizohifadhi taarifa za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wakiwa watu waliopotezana na jamaa zao kwa vita, maafa au uhamiaji. Ikiwa chombo kikongwe kama hicho kiliweza kuingiliwa, shirika dogo lenye kompyuta moja lapaswa kujihadhari mara mbili. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 1, mwaka 2023. Watumishi wanaokaribisha miradi mitaani wana wajibu wa kuifahamu sheria hiyo na kuuliza maswali kabla ya kugonga muhuri.

Wenyeji wana uwezo wa kuipokea kazi hiyo. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba viongozi wa mitaa na vijijini, wakipewa vifaa na maelekezo, wanaweza kuandikisha majengo ya nchi nzima. Uzoefu huo usiachwe ukapotea. Kila halmashauri yaweza kumteua mtumishi atakayewajibika na ramani ya kata zake, na kila baraza la kata laweza kuipitia ramani hiyo walau mara moja kwa mwaka, kabla ya masika.

Walimu nao wana nafasi ya pekee. Somo la jiografia hufundisha usomaji wa ramani, na mara nyingi mwanafunzi huhitimu akiwa anajua mito ya mabara mengine lakini hajawahi kuichora njia ya maji inayopita nyuma ya shule yake. Darasa moja, kwa kalamu na karatasi tu, laweza kuandika mifereji, visima na vivuko vya mtaa mzima katika muhula mmoja. Ikiwapo simu au kompyuta, kazi hiyo yaweza kuingizwa katika ramani huru na kutumiwa na kila mtu. Watoto watakuwa wamejifunza, na mtaa utakuwa umepata ramani mpya.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mashirika ya hiari yamekuja na yameleta vyombo vyema. Lakini mwenyeji hataweza kupona iwapo dawa ataachiwa mgeni aishike na kuondoka nayo. Mvua haingoji mradi mpya upatiwe fedha. Ofisi ya mtaa inayotaka kuwa tayari ianze sasa, wakati ardhi ingali kavu, kwa kuuliza ramani yake iko wapi na ilirekebishwa lini.