Kabla ya Paris, pandeni tramu namba 44

Kijana wa Kolwezi, mji wetu wa machimbo kule Kongo, akifika Ubelgiji kusoma, wikendi yake ya kwanza ya mapumziko huiwazia Paris. Picha ya mnara wa Eiffel lazima ifike kwenye simu ya mama kule Manika kabla ya Jumatatu. Simlaumu, Paris inapendeza. Ila mimi nasoma jiolojia Liège, na wadogo zangu wanaokuja nawashauri: shukeni Brussels, nendeni Montgomery, pandeni tramu namba 44 mpaka mwisho, Tervuren.

Huko liko jumba la makumbusho ya Afrika, lililozaliwa na maonyesho ya mfalme Leopold wa Pili mwaka 1897. Wakongo 267 waliletwa ili watazamwe na umma. Saba walifariki, na makaburi yao yapo kando ya kanisa la mji. Anzieni hapo.

Kisha ingieni kwenye chumba cha madini. Nyumbani kwetu jiwe la malakiti lilikuwa la kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Baba, mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, alilileta siku moja na hakuna aliyelitazama tena. Tervuren mawe ya namna hiyo yamewekwa nyuma ya kioo, kila moja na jina lake. Kule Kolwezi, mtaa wa Kasulo, watu walichimba hadi chini ya vyumba vyao vya kulala wakitafuta heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti. Bei yake wanaijua. Lakini kwamba kuna madini yanayoitwa kolweziti, kwa jina la mji wetu wenyewe, mimi nimekuja kulijua Ulaya.

Wenzangu wakisikia Tervuren hudai vitu virudishwe. Vinyago virudi, naam. Malakiti sina haraka nayo, tunaikanyaga kila siku. Ninachokitaka ni karatasi: ramani na ripoti za wanajiolojia wa enzi ya ukoloni zinazohifadhiwa huko. Waliozibeba sampuli porini walikuwa babu zetu, na anayetafuta shaba leo anajua thamani ya ramani ya zamani. Nakala kamili ziwekwe Chuo Kikuu cha Kolwezi, mwanafunzi azifungue bila kuomba kibali cha kampuni yoyote.

Chumba cha mawe cha kwetu Kolwezi, kwa upande wake, hakimngoji Mbelgiji. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na manispaa au eneo lenye machimbo asilimia 15. Rafu, vioo, vibandiko na mlinzi mmoja wa mlangoni haviwezi kuishinda manispaa ya Dilala wala ya Manika, zote za Kolwezi. Mawe tutaleta wenyewe. Mlango wa kwetu utatafutiwa kizuizi kingine.